Tiketi za mechi ya kambi ya Tigers hapa Lakeland: twende au tuache?

MamaRayan

Habarini wanajukwaa, wakubwa shikamooni.

Naishi Lakeland, Florida. Kazini nimepewa tiketi mbili za mechi ya Detroit Tigers, timu ya besiboli ya ligi kuu inayofanya kambi ya mazoezi hapa kabla ya msimu, Jumamosi moja ya katikati ya Machi, pale uwanja wa Joker Marchant. Mwanangu ana miaka tisa, ameanza kucheza besiboli na watoto wenzake, na tangu azione tiketi hizo hapati usingizi. Mimi nimekulia kwenye kandanda, huu mchezo ndiyo kwanza najifunza kuutazama.

Baba yake hana hamu kabisa. Anasema hizo ni mechi za kujipima nguvu tu, matokeo hayaingii kwenye msimamo wowote, na nusu ya wachezaji ni watu ambao hata mashabiki wa timu hawawajui. Anataka tusubiri msimu uanze twende tukaone mechi yenye pointi. Na kweli nilitazama kidogo kwenye runinga nikaona jezi namba 87 na 91, halafu katikati ya mechi karibu kikosi kizima kikabadilishwa.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kuna maana ya kwenda? Tufike saa ngapi? Mtoto anataka sahihi ya mchezaji, inapatikanaje bila kusukumana na watu? Halafu tiketi zetu ni za kukaa kwenye nyasi, si viti. Hilo ni baya?

Dereva wa I-4

Dada, kama unataka kuona uwanja, panda gari uende Tampa, Steinbrenner Field. Ndiko wanakofanyia kambi Yankees tangu 1996, na vipimo vya uwanja vilifuata Yankee Stadium ya New York. Kimbunga Milton kilipochana paa la Tropicana Field, uwanja wa timu ya Tampa Bay Rays, Oktoba 2024, Rays walihamia hapo wakacheza mechi zao zote za nyumbani za msimu wa 2025. Uwanja wa kambi uliobeba msimu mzima wa ligi kuu! Lakeland ni pazuri kwa familia ila ni padogo.

Kuhusu mechi yenyewe, mzee wa nyumbani ana hoja. Mimi huwa natoka kipindi cha tano kati ya tisa, nyota wakishaondoka.

Babu wa Polk

Marahaba mama Rayan. Nenda. Na uende asubuhi, usingoje mchana.

Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye ghala kando ya barabara hiyohiyo ya I-4. Februari ikifika katikati, warushaji (wanaomtupia mpigaji mpira) na wadakaji (wanaoudaka nyuma yake) wakisharipoti kambini, nikitoka kazini sirudi nyumbani moja kwa moja, napita Tigertown kwanza, ndiyo hiyo kambi ya Tigers. Maana unachokiona wewe kama uwanja ni kipande tu. Nyuma ya Joker Marchant kuna viwanja kadhaa vya mazoezi, na eneo lote hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili lilikuwa uwanja wa ndege wa kufundishia marubani. Tigers wanakuja Lakeland tangu 1934. Ukiondoa miaka ya vita, 1943 hadi 1945, timu zilipozuiwa kusafiri mbali wakajifua Indiana kwenye baridi, hawajahama. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 1966 na kupewa jina la mkuu wa idara ya bustani na michezo ya jiji, ukafanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2017. Wale wazee wa Michigan utakaowakuta kwenye foleni, wengi waliletwa hapa na baba zao.

Sasa nije kwenye hoja ya mzee wa nyumbani, kwa heshima zote. Kwamba matokeo hayahesabiwi ni kweli. Mechi ikifika kipindi cha tisa zikiwa sawa mara nyingi wanaachana sare, kitu usichokiona msimu ukishaanza. Lakini nauliza, hayahesabiwi kwa nani?

Timu ya ligi kuu inaanza msimu na wachezaji 26. Ina orodha pana ya 40 wenye mkataba wa ngazi hiyo. Juu ya hao huwaalika wengine kambini, kwa hiyo Februari unakuta watu kama sitini wanagombea nafasi 26, na nyingi kati ya hizo wenyewe wanajulikana tayari. Namba za chini zimeshachukuliwa na waliokwisha kujijenga, ndiyo maana mgeni anapewa 87 au 91. Kadiri Machi inavyosonga, kila siku chache kuna anayeitwa ofisini kwa meneja asubuhi. Akitoka, anabeba mabegi yake na kuhamia upande wa kambi ya ligi ndogo. Hapo Lakeland ni ndani ya uzio huohuo. Anaendelea kuuona uwanja mkubwa kila siku akiwa njiani kwenda mazoezini.

Huyo kijana, mama, akiingia kipindi cha nane Jumamosi yako, huenda akapata zamu moja tu ya kushika gongo. Moja. Meneja yuko pale, waangalizi wa timu nyingine wako nyuma ya wavu na daftari zao, na hata asipobaki Tigers kuna timu inaweza kumchukua kwa alichokionyesha siku hiyo. Kwake hakuna mechi yenye pointi kuliko hiyo. Kwa hiyo ndugu yangu Dereva, ukitoka kipindi cha tano unaiacha mechi pale inapoanza kuwa na maana kwa watu wanaoihitaji kuliko wote. Mimi hukaa mpaka mtu wa mwisho atolewe, na naandika kila tukio kwenye karatasi ya alama, majina nisiyoyajua ndiyo nayaandika kwa herufi kubwa.

Mrushaji Tarik Skubal alichaguliwa na Tigers raundi ya 9 mwaka 2018, timu zilipokuwa zinapokezana kuchagua vijana wapya. Zaidi ya vijana 200 waliitwa kabla yake. Mwaka 2024 akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, na 2025 akaichukua tena. Kwa hiyo anayedharau majina asiyoyajua hapo Machi, nadhani anaikosa ile sehemu ambayo viwanja hivi vinaionyesha kuliko viwanja vikubwa.

Jambo jingine ambalo halionekani kirahisi: mrushaji aliyekwisha kujihakikishia nafasi anaweza kupigwa mipira mitatu mfululizo akatoka uwanjani ametulia kabisa. Yeye siku hiyo alikuja kujaribu aina moja ya mpira, labda ule unaozama mwishoni, na atautupa tena na tena hata kama mpigaji ameshaujua. Anataka kuona unavyokwenda, basi. Ukitazama bao tu utasema amecheza vibaya. Mtazame mdakaji, ukimwona anatingisha kichwa kukubali na kumrudishia mpira kwa nguvu, jua wamepata walichokuja kutafuta.

Katikati ya Machi ni wakati mzuri pia kwa sababu ya mikono ya warushaji. Mwanzoni anayeanza mechi hutupa kipindi kimoja au viwili akatolewa, mkono haujawa tayari. Wanaongeza taratibu. Kufikia wakati wa tiketi zako wengi wanafika vipindi vinne au vitano, na wapigaji wakubwa nao hukaa zaidi. Halafu mechi ni nyumbani. Timu ikisafiri, nyota wengi huachwa kambini, na kuna siku timu inagawanywa vikosi viwili ikacheza mechi mbili sehemu mbili tofauti. Kwa hiyo angalieni kama Jumamosi hiyo Tigers wamegawanyika.

Muda: mechi za mchana huanza saa saba na dakika tano. Wewe kuwa pale saa tatu na nusu asubuhi. Kabla ya kwenda, ulizia kwa timu kama viwanja vya nyuma viko wazi kwa wageni siku hiyo, maana utaratibu hubadilika. Vikiwa wazi, mpeleke mtoto pale warushaji wanapopasha mikono, msimame nyuma ya uzio. Kutoka alipo mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unaikata nafasi hiyo kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwenye runinga unaonekana mwepesi, kwa sababu kamera iko mbali na juu. Ukiwa karibu utasikia glavu ya mdakaji imelia, ndipo akili ikwambie mpira umepita. Mtoto anayejifunza kupiga akisimama hapo robo saa atarudi na maswali ambayo kocha wake atafurahi kuyajibu.

Nyasi si mbaya hata kidogo, kwa mtoto ni bora kuliko kiti. Ni ule mteremko wa upande wa kushoto wa uwanja. Beba shuka au mkeka (soma masharti ya mabegi kwenye tovuti ya uwanja), kofia, maji, na mafuta ya kukinga jua, kwa sababu hapo hakuna paa na jua la mchana la Florida hata Machi linaunguza. Kitu kimoja msifanye: msimpe mpigaji mgongo. Mpira unaweza kuruka ukuta na kutua palepale mlipokaa. Mtoto akiwa na glavu yake mkononi ni vizuri, lakini jicho liwe mbele kila mpira unapotupwa.

Sahihi nitaeleza baadaye, nimetoka zamu, macho yanafumba.

Dada wa Mesa

Nawasalimu kutoka Arizona. Nakubaliana na Babu kwa kila neno, naongeza tu kwamba wakikaa Florida wasidhani kambi zote ziko huko. Timu 15 ziko Florida, wenyewe wanaiita Grapefruit League, na 15 ziko huku kwetu, Cactus League. Tofauti ni umbali. Huku zote 15 ziko kuzunguka Phoenix, kwenye viwanja kumi, kwa sababu vitano vinatumiwa na timu mbili mbili. Unaweza kutazama mechi ya mchana Mesa, ukala, ukafika Scottsdale kwenye mechi ya usiku bila kukimbia. Florida kutoka Lakeland hadi Fort Myers au Jupiter ni safari ya kujipanga.

Mimi napenda zaidi Salt River Fields, wanakokaa Diamondbacks na Rockies tangu 2011. Umejengwa kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji asilia, Salt River Pima-Maricopa, na milima unaiona ukiwa umelala kwenye nyasi. Cubs, timu ya Chicago, wako Mesa, Sloan Park, unaingiza watu kama 15,000 na unajaa. Nyasi huko siku ya Cubs unaweza kukosa hata pa kuweka kikapu. Kwa mtoto wa miaka tisa naona udogo wa Lakeland ni faida, Dereva anisamehe.

MamaRayan

Babu, Dada, Dereva, asanteni sana. Nimemsomea Rayan ile ya mita 18.44 ameenda kupima uani kwa hatua.

Nina swali jingine, na nauliza kwa moyo mweupe. Nimeangalia picha za uwanja, naona wengi kwenye viti ni wazee Wazungu kutoka Michigan. Sisi tutakuwa peke yetu na mkeka wetu. Nyie mmeishi huku muda mrefu, mtoto wangu atajiona ni wa pale?

Babu wa Polk

Mama, swali lako ni zito na lina historia palepale Florida, kwa hiyo nakujibu vizuri.

Kama maili mia moja kutoka hapo ulipo, Daytona Beach, tarehe 17 Machi 1946, Jackie Robinson alicheza mechi ya kambi akiwa na Montreal Royals, timu ya chini ya Brooklyn Dodgers. Mtu mweusi kucheza na Wazungu kwenye mechi ya kambi ya timu za ligi kuu, halikuwa jambo lililozoeleka. Kabla ya hapo yeye na mwenzake John Wright walilazimika kuondoka mji wa Sanford kwa vitisho. Baadaye Jacksonville timu ilifika ikakuta lango la uwanja limefungwa kwa kufuli. DeLand waliambiwa taa za uwanja ni mbovu, na mechi ilikuwa ya mchana. Daytona ndiyo iliyokubali. Uwanja ule leo unaitwa kwa jina lake, na siku mkipata nafasi mpelekeni Rayan akauone.

Mwaka uliofuata, 1947, akaingia ligi kuu. Mwaka 1948 Dodgers wakahamishia kambi Vero Beach, kwenye kituo cha zamani cha ndege za jeshi la majini, mahali palipoitwa Dodgertown, ambako ndani ya uzio weusi na weupe walilala na kula pamoja huku nje ya lango sheria za ubaguzi zikiendelea. Sehemu nyingine walichelewa zaidi. St. Petersburg mwaka 1961 Bill White wa Cardinals alisema hadharani kwamba wachezaji weusi wameachwa nje ya mwaliko wa kifungua kinywa cha wakubwa wa mji. Hadi miaka hiyo nyota mweusi alikuwa anashangiliwa mchana uwanjani, jioni anakwenda kulala kwenye nyumba za familia za weusi upande wa pili wa mji, wenzake wako hotelini. Mimi nikikaa pale kwenye nyasi nawafikiria sana watu hao.

Leo ukisimama kwenye viwanja vya nyuma utasikia Kihispania pengine kuliko Kiingereza. Vijana wa Jamhuri ya Dominika na Venezuela wamejaa. Mchezaji aliyependwa kuliko wote hapo miaka ya karibuni, Miguel Cabrera, ni Mvenezuela, na alivaa jezi ya Tigers kuanzia 2008 hadi 2023. Kwenye viti ni kweli weusi ni wachache. Sitakudanganya. Lakini wale wazee wa Michigan, ukiwa na mtoto mwenye glavu na anayeuliza maswali, watamsogelea wenyewe wamweleze kuhusu Al Kaline, aliyeichezea Tigers tu tangu 1953 akiwa na miaka 18 hadi 1974, na hawatamaliza. Mimi huu mchezo nilifundishwa na mmoja wao, mfanyakazi mwenzangu.

Na kuna jina moja nataka Rayan alijue. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli kule Randburg, wakawa wanaishi humohumo klabuni, mtoto akakulia pembeni ya uwanja. Pirates, timu ya ligi kuu ya Pittsburgh, walimsajili 2008. Kambi ya Pirates iko Bradenton, si mbali na ninyi, kwenye uwanja uliojengwa 1923. Alipambana kwenye ligi ndogo miaka mingi, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Zamu yake ya kwanza ya gongo, dhidi ya Jon Lester wa Cubs, akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Hesabu miaka kati ya 2008 na 2017 ujue Machi ngapi zilipita akiwa mmoja wa hao ambao mzee wa nyumbani anasema hawajulikani.

Mtoto wako ni wa pale. Mpeleke.

Dereva wa I-4

Babu, hiyo ya Ngoepe sikuijua, na Bradenton napita mara kwa mara. Nimekubali, mechi ijayo nakaa hadi kipindi cha tisa. Lakini Steinbrenner bado ni uwanja mzuri!

Babu wa Polk

Ni mzuri, sijakataa. Tukutane huko siku Tigers wakienda kucheza na Yankees.

Mama Rayan, nilikuahidi maelezo ya sahihi. Mtoto abebe kitu kimoja tu, mpira au kofia, asiwe na rundo la karatasi, maana wachezaji wanawaogopa watu wazima wanaokusanya sahihi kwa ajili ya kuuza na wakiona rundo wanapita. Kwa mpira tumia kalamu ya kawaida ya wino, kalamu nene ya alama inasambaa kwenye ngozi. Asimame kwenye uzio wa pembeni kabla ya mechi, wachezaji wakiwa wanamaliza kunyoosha viungo, wasiwe wanakimbilia kazi nyingine. Chapisha orodha ya wachezaji na namba zao kutoka tovuti ya timu, ajifunze majina machache ya namba za juu. Kijana mwenye 91 akiitwa kwa jina lake na mtoto atageuka, naamini hivyo kwa sababu nimewaona wakigeuka. Nyota akipita bila kusaini asimsonye wala asimfuate. Aseme asante kwa kila anayesaini, hata kama amesaini huku anatembea.

MamaRayan

Mungu akubariki Babu. Baba Rayan amesoma uzi huu wote, hakusema kitu, kisha akaniuliza kama tiketi ya tatu ya kwenye nyasi bado inapatikana.

Babu wa Polk

Angalieni kwenye tovuti ya timu leoleo, Jumamosi za Machi hujaa na nyasi kwa kawaida ndiyo bei nafuu. Na akija mwambieni anunue karatasi ya alama pale getini, awe yeye anayeandika. Kuanzia kipindi cha sita atabadilisha majina kila dakika, kwa hiyo abebe penseli yenye kifutio.